Sumaku kwanza, dawa baadaye

Mwezi ukishatimiza siku kumi na mbili, kumi na tatu, banda langu hujaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo siku hizo vyombo vya Deep Sea, mwalo wa wavuvi hapa Tanga, hupumzika na matajiri wake hukumbuka kwamba mashine ya boti ilikuwa ikilia vibaya tangu giza lililopita, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi. Vijana wawili wanaileta mabegani, wanaitua kwenye benchi, na neno la kwanza la tajiri ni lile lile: "Fundi, giza likiingia mie nataka kutoka."

Ugonjwa ninaokutana nao zaidi ni mashine kukamata. Hizi za stroku mbili zinalainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli, na zinapozwa kwa maji ya bahari. Oili ikipunjwa, au maji yasipopanda, pistoni inavimba kwa joto kupita nafasi iliyopewa, inaanza kujisugua ukutani mwa silinda, kisha inabana. Pistoni ni aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Chuma cha silinda kinataka zaidi ya nyuzi 1,100. Basi anayeumia ni pistoni: inalainika na kujipaka ukutani kama ukoko wa ugali kwenye sufuria.

Ukifungua unaona michirizi ya rangi ya fedha, imesimama kutoka juu hadi chini, mara nyingi upande wa tundu la moshi kwa sababu ndiko kwenye joto. Mtu asiyejua anasema silinda imechubuka, ikachongwe. Mie nilisema hivyo miaka mingi, na nimewaingiza watu gharama ambayo sasa nikiikumbuka naona haya. Pitisha kucha polepole juu ya mchirizi. Kucha ikizama, kweli umechubuka. Lakini mara nyingi kucha inapanda, inajikwaa kwenye kitu kilichoota juu ya ukuta. Hapo chuma hakikupungua, kimeongezewa aluminiamu ya pistoni, na kazi yako ni kuiondoa ile iliyoongezeka bila kugusa chuma kilicho chini yake.

Wengi huanza na bisibisi. Wengine msasa. Bisibisi sina haja ya kuieleza. Msasa nao una hila zake: aluminiamu inaujaza mchanga wake upesi, unabaki unasugua kwa karatasi iliyozibwa, halafu unakandamiza zaidi, na pale pembeni penye chuma safi ndipo panapoliwa. Ukimaliza silinda inang'aa, ila haiko duara tena.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na banda upande wa Sahare. Hakutumia msasa mpaka mwisho kabisa. Alitumia soda kali, kostiki, ile ile wanayonunua akina mama wapika sabuni. Alikuwa anaweka maji ya baridi nusu lita kwenye ndoo ndogo ya plastiki, kisha anamimina soda vijiko viwili, kidogo kidogo, akikoroga na kijiti. Soda ndani ya maji. Nilimuuliza siku moja kwa nini asitie soda kwanza halafu maji juu yake, maana ndivyo tunavyofanya na sukari kwenye kikombe. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Fanya hivyo ukitaka macho yako yapikwe." Soda ikikutana na maji inatoa joto la ajabu, na maji machache juu ya soda nyingi yanachemka papo hapo na kuruka. Ndoo ilikuwa ya plastiki kwa sababu sufuria ya aluminiamu ingetoboka.

Akishapoa mchanganyiko wake, alitia unga wa muhogo kiasi. Soda inauvimbisha unga bila moto, unakuwa uji mzito unaong'ang'ania ukutani usitiririke. Kisha anaipaka michirizi kwa kijiti chenye kitambaa, na anakaa kimya kuangalia.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Soda haina ugomvi na chuma, lakini aluminiamu inaitafuna. Penye aluminiamu panaanza kutoa mapovu madogo madogo, na uji unageuka kijivu hadi mweusi. Penye chuma pananyamaza. Baada ya dakika chache anafuta, anapaka tena. Mara ya tatu au ya nne uji unakaa mweupe, tuli, hakuna hata povu moja. "Imekwisha," anasema, na kweli kucha inateleza juu chini bila kujikwaa.

Mie nilichojifunza pale, kwa ujana wangu, ni kwamba soda inatoa aluminiamu kwenye silinda. Sikujifunza zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililoniponza.

Mzee alikwenda Pangani msibani, akaniachia banda siku nne. Akaja mtu wa kupasua mbao kutoka Muheza na msumeno wa mnyororo, chenso, umekamata. Nikaufungua, nikaona michirizi ile ile ya fedha. Nikafurahi kabisa. Nikasema huu mdogo, wa nini kuhangaika na uji na vitambaa, silinda nzima inaenea kwenye ndoo. Nikachanganya soda, tena ya kutosha, nikaitumbukiza silinda jioni, nikafunika na mfuniko, nikaenda kulala.

Asubuhi mfuniko niliukuta chini, nikadhani paka. Ndoo ilikuwa bado ina uvuguvugu na maji yamekuwa kama wino. Nilipoitoa silinda kwa waya sikuitambua. Mapezi yake ya kupozea yalikuwa yamekondeana kama miba ya dagaa. Njia za kufungia plagi zimelika, plagi ingeingia na kutoka bila kuzungushwa. Na ndani, kwenye kingo za matundu, kulikuwa na ganda jembamba limesimama peke yake, kama gamba la yai lililobaki baada ya yai kuliwa.

Ganda lile ndilo lingenifundisha kama ningekuwa na akili ya kuuliza mapema. Silinda nyingi za chenso hazina chuma ndani. Zote ni aluminiamu, kisha ukuta wa ndani unapakwa nikeli yenye chembechembe za silikoni kabaidi, tabaka jembamba kama unene wa unywele. Pistoni inatembea juu ya unywele ule. Kwa hiyo soda yangu ilipewa karamu: ilikula uchafu, ikala na nyumba.

Mzee aliporudi nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba mwanangu," macho yake yakiwa kwenye ndoo. Hakupiga kelele. Alichukua sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, akaisogeza kwenye silinda ya mashine ya boti iliyokuwa benchini: tap! ikashika ukutani. Akaisogeza kwenye silinda ya chenso, ikaanguka mchangani. Akaiokota akanipa. Bei ya silinda mpya ilikatwa kwenye posho yangu kwa miezi mitano, na msumeno ule sikupata tena kuugusa, mwenyewe alikuja kuuchukua na mtu mwingine.

Hata ile mashine ya boti, kusema kweli, haikuwa salama kwenye ndoo. Bloku yake ya nje ni aluminiamu, chuma ni lile koti la ndani tu. Ndiyo maana mzee alipaka uji kwa kijiti, akaziba matundu ya kupitishia moshi na mafuta kwa vitambaa vilivyolowa grisi. Nilikuwa nimemwona akifanya vile mara ishirini, nikidhani ni ubahili wa soda.

Na mfuniko ule haukuwa wa paka. Aluminiamu ikiliwa na soda, au na asidi, inatoa hewa ya haidrojeni, inayowaka kwa cheche ndogo tu. Niliifungia ndani ya ndoo usiku kucha, ikausukuma mfuniko mpaka ikautupa. Kwenye banda lile jirani yetu alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Nikiwaza hilo mpaka leo nywele zinanisimama.

Kwa silinda za nikeli nilikuja kufundishwa baadaye na fundi wa chenso aliyekuwa akifanya kazi za misituni kule Lushoto. Yeye alitumia asidi ya haidrokloriki, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya kutoa saruji iliyogandia kwenye vigae. Si maji ya betri. Hayo ni asidi nyingine, salfuriki, na kwa kazi hii hayafai hata kama yako karibu. Aliipunguza nguvu kwa maji, asidi ikienda ndani ya maji na si kinyume chake, kisha anachovya kijiti chenye pamba, anakikamua ukingoni mwa chombo, na anagusa mchirizi peke yake. Tone tu. Silinda imelazwa ili tone likae pale pale, lisikimbilie kwenye tundu la moshi ambako kingo hazina nikeli.

Povu la asidi linasomwa tofauti kidogo. Linapanda kwa kishindo, unahesabu sekunde kama kumi, unafuta, unaona weusi kwenye kitambaa. Unarudia. Likipungua kila mara na mwisho likatulia, umefika kwenye nikeli. Lakini pakiwa na doa moja linaloendelea kuchemka hata baada ya kila mahali kunyamaza, acha hapo hapo. Maana yake nikeli imetoboka na sasa asidi imeingia kwenye mwili wa silinda, na kila tone unaloongeza unapanua shimo. Silinda hiyo mwambie mwenyewe ukweli.

Kwenye chuma asidi inaweza kutumika, wapo wanaoitumia, ila mie siipendi. Asidi inakila na chuma chenyewe, polepole, nacho kinatoa mapovu, kwa hiyo huna uhakika unapoona povu ni la aluminiamu au la koti. Soda kwenye chuma inasema kweli.

Nilipoanza kuweka asidi kwangu mwenyewe ilinifanyia vituko viwili. Cha kwanza, nilifunga chupa vibaya, nikaiacha chini ya benchi siku mbili za mvua ya masika, milango imefungwa. Niliporudi spana zote zilikuwa nyekundu. Seti nzima, na zile ambazo hazijawahi hata kulowa maji ya bahari. Mvuke wake tu ulikuwa umezitembelea moja moja. Nikajiuliza, kama umefanya hivi kwenye spana, kwenye kifua changu ningekaa humo ingekuwaje? Tangu hapo kazi ya dawa naifanya nje, asubuhi, upepo wa nchi kavu ukiwa bado unavuma, nao unanipiga mgongoni.

Cha pili ndicho kilichonitisha. Asidi nilikuwa nimeigawa kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa sababu ile kubwa ni nzito. Mchana mmoja mvuvi aliyekuja kuulizia mashine yake, jua kali, ametembea kwa miguu, akaiona chupa kwenye kivuli akaichukua. "Fundi, naomba maji." Alikuwa ameshafungua kizibo. Kilichomwokoa ni harufu: ilimchoma pua, akaitupa, akakohoa mpaka machozi. Ingekuwa soda, ambayo haina harufu, angekunywa. Sikuweza kufanya kazi tena siku ile. Tulikaa wawili tukinywa maji ya dafu, yeye akicheka, mie miguu haina nguvu.

Sasa dawa zinakaa kwenye magaloni yake zilizokuja nayo, ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, juu ya ukuta. Soda upande wake na asidi upande wake, maana hizo mbili zikikutana kwa ghafla zinalipuka kwa joto. Na jiki haiingii kabisa bandani. Kuna kijana mmoja aliwahi kufikiri akichanganya asidi na jiki atapata dawa kali ya mafuta. Kinachotoka pale ni hewa ya klorini, na watu wamekufa kwa hewa hiyo.

Nguo zangu za kazi hiyo ni glovu nzito za mpira, si za ngozi, kwa sababu ngozi inanyonya na kukushikia dawa mwilini. Miwani ya kuziba pembeni, buti, suruali juu ya buti ili kinachomwagika kisiingie ndani. Karibu yangu kuna dumu la lita ishirini la maji, limefunguliwa kabla sijagusa chochote. Soda ina ujanja mmoja, haiumi upesi. Ikikugusa unahisi vidole vinateleza kama vina sabuni, na kweli ni sabuni, inayapika mafuta ya ngozi yako mwenyewe. Vijana wanajifuta kwenye suruali na kuendelea. Ukihisi utelezi, maji, mengi, yanayotiririka. Ikiingia jichoni ni maji dakika ishirini bila kusimama, mtu akikushikilia kope, ndipo hospitali, tena usisubiri kuona kama litapona.

Mabaki nilikuwa nikiyamwaga mtaroni mpaka nilipomwona yule fundi wa chenso na ndoo yake ya mawe. Mawe yenyewe ni vipande vya matumbawe kutoka kwenye ukuta wa nyumba ya zamani uliobomoka, na Tanga kuta hizo hazikosekani. Asidi iliyotumika aliimimina taratibu juu yake. Jiwe lile ni chokaa, linachemka, shhh, na asidi inakufa nguvu. Likinyamaza anaongeza jiwe jingine kuhakikisha, na lisipochemka ndipo anapomwaga kwa maji mengi. Mikoko yetu iko hatua chache kutoka banda, na kaa wake ndio kitoweo cha watu.

Silinda ikishaoshwa, usiiache hata dakika tano. Chuma kilichovuliwa nguo hivi, kwa hewa yetu hii ya chumvi, kinashika kutu unakiona. Maji, kitambaa kikavu, upepo wa pampu, kisha oili ya stroku mbili kwa kidole mpaka ukuta wote ung'ae. Ndipo unapokuja msasa wangu wa kwanza na wa mwisho, namba 320, uliolowa oili, kwa mkono mwepesi na kwa mshazari, ukizungusha huku ukipandisha na kushusha ili mikwaruzo ipishane kama ukili. Mikwaruzo ile ndiyo inayoshika oili. Kisha sabuni na maji ya moto mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Na hii ni kwa chuma tu. Nikeli usiipigie msasa.

Kabureta niiseme kwa kifupi kwa sababu watu wanapenda kunichokoza nayo. Kijani kinachoota kwenye jeti za shaba nyekundu na njano hakitaki asidi wala soda, kinataka ndimu. Kamulia jeti kwenye kikombe, ziache kama robo saa, suuza, puliza. Usichokonoe kwa waya, tundu la jeti lina kipimo chake na likipanuka kidogo mashine inakunywa petroli kama ng'ombe. Na plagi usiisugue kwa burashi ya waya: madini ya waya yanabaki kwenye kauri nyeupe kama mstari wa penseli, na cheche inapita hapo badala ya kuruka.

Mwezi uliopita tajiri mmoja aliniletea mashine ya farasi 40, imekamata. Sumaku ikashika, kucha ikapanda, nikaipaka uji wangu mara nne, ikatoka safi kama haijawahi kuugua. Pistoni na ringi mpya. Nikamwambia mchanganyiko wa siku za mwanzo ni oili mililita 40 kwa lita moja ya petroli, na baadaye 20, na apime kwa chupa, asikadirie kwa jicho. Nikamwambia pia impela ya pampu ya maji imekwisha, mabawa yake yamekakamaa na moja limekatika, na mashine haikojoi vizuri. Akatazama juu. Giza lilikuwa linaingia Jumamosi. "Impela giza lijalo, fundi, yakhe. Silinda si umeshasafisha?"

Alirudi baada ya siku kumi na mbili, vijana wale wale wawili, mashine ile ile mabegani. Nilifungua kichwa mbele yake. Michirizi ya fedha, upande wa tundu la moshi, mipya kabisa. Akaniuliza kama uji wangu bado upo.

"Upo," nikamwambia, nikirudisha kichwa mahali pake bila kukaza. "Ila leo kaanze dukani. Ukirudi na impela mkononi, ndipo nitakaponunua unga wa muhogo."

Akapanda baiskeli yake kuelekea Ngamiani, analalamika njia nzima.